Mashine na Kazi (4): Daftari la Joel Lean

Mjadala wa akili unde umepamba moto tena magazetini: kampuni zinazoiunda ziweke siri zake wazi au la, na vijana wetu watabakiwa na kazi gani? Kabla ya kujibu, sharti turudi Cornwall, Uingereza, tulikoishia, mwaka 1800, hataza ya James Watt ya injini ya mvuke ikiwa imekwisha muda.

Wenye migodi ya shaba na bati walishusha pumzi. Kwa miaka walikuwa wakiwalipa Watt na mshirika wake Boulton theluthi ya thamani ya makaa waliyookoa kwa injini hiyo, na makaa yenyewe yaliletwa kwa meli kutoka Wales. Lakini mafundi wa Watt walipoondoka, injini za kuvutia maji zikazorota.

Ndipo mwaka 1811 mameneja wakamtwika kazi Joel Lean, mtu wa migodini mwenyewe: akague injini na kutoa taarifa kila mwezi. Hapa ndipo ninapopapenda. Injini ilifungwa kihesabio, kikatiwa kufuli mwendeshaji asikichezee. Mipigo ikahesabiwa, makaa yakapimwa, kisha ikaandikwa ni ratili ngapi za maji zimepandishwa futi moja kwa kila busheli ya makaa. Na jina la fundi likachapishwa waziwazi.

Mwaka 1812 mhandisi Richard Trevithick akasimika injini ya mvuke wa shinikizo kubwa mgodini Wheal Prosper, wala hakuikatia hataza. Wengine wakaichungulia, wakaiongezea. Wastani wa ratili hizo kwa busheli, ambao 1811 haukufika milioni 20, ulipita milioni 50 kabla ya katikati ya karne. Katika jaribio la 1835 pale mgodi wa Fowey Consols, injini ya fundi William West ilizidi milioni 120! Linganisha na wale mafundi wetu wanaomtuma mwanagenzi dukani akanunue sigara kila wanapofikia hatua muhimu, ili asione siri.

Wala kuanika mbinu hivyo hakukuwa sadaka. Fundi aliyeng'ara kwenye taarifa aligombewa na migodi, na matajiri wengi walikuwa na hisa katika migodi kadhaa, hivyo mbinu ikienea walifaidika.

Sasa akili unde, kwa ufupi maana nafasi imekwisha. Imefundishwa kwa maarifa yaliyoanikwa na watu wengi, lakini jibu likitoka, mara nyingi jina la fundi halimo. Aliyeeleza bure namna ya kufufua bodi ya simu hapati mteja kwa jibu hilo. Kampuni zinazojisifia uwazi zichapishe kwanza zilichofundishia, cha nani, na umeme uliotumika.

Wiki ijayo: wana wa Lean, waliorithi daftari baba yao alipofariki 1812.