Ukiona Vyaelea: Mbao au Faiba?

Kuna swali ambalo huzuka kila mara chombo kinapopwelezwa ufuoni, kuanzia Mtwapa hadi Kilifi, Watamu, Malindi na hata Ngomeni. Mwenye boti hugundua kwamba jukwaa lililofungwa nyuma ya chombo chake, lile ambalo wageni hulikanyaga wakishuka majini kuogelea na kutazama samaki, limechakaa na halina budi kung'olewa. Je, aweke jingine la mbao, au aweke la faibaglasi, ambayo mafundi wetu huiita faiba kwa mkato? Jibu analopewa mara nyingi ni jepesi: mbao ni mambo ya kale, faiba ndiyo maendeleo. Nionavyo mimi, jibu hilo halitoshi, na wakati mwingine ni la hatari. Nawaomba walimu na wanafunzi wa pwani walitafakari pamoja nami, kwa kuwa ndani ya swali hili dogo mna sayansi, mna historia, na mna roho za watu.

Tuanze na kazi ya jukwaa lenyewe. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na ni miongoni mwa hifadhi za kwanza za aina hiyo barani Afrika. Tangu wakati huo boti zenye kioo sakafuni zimekuwa zikiwachukua watalii, na wanafunzi pia, hadi kwenye matumbawe. Mtu ashukapo majini hushukia jukwaani, na apandapo hupandia hapo hapo. Jukwaa hilo huenda lisizidi ukubwa wa mlango wa jikoni, lakini limening'inia nje ya chombo, halina kitu chini yake ila mabano machache ya chuma. Wimbi hulipiga kutoka chini, mtu mzito aliyelowa maji huliangukia kutoka juu, na jua la mchana kutwa halilipi nafasi ya kupumua. Likivunjika, anayeanguka huangukia karibu kabisa na rafadha ya mashine. Hiyo ndiyo sababu nasema kwamba hili si suala la urembo.

Sasa tuitazame mbao. Watu wa pwani hii walikuwa wakiunda vyombo vya mbao kabla ya kuwapo msumari wa chuma katika vyombo hivyo. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kiyunani katika karne ya kwanza, uitwao Periplus, unataja vyombo vilivyoshonwa katika mwambao wetu. Kizazi cha vyombo hivyo ndicho mtepe, uliofungwa kwa kamba za makumbi ya nazi. Vasco da Gama alipotia nanga Malindi mwezi wa Aprili 1498, alilikuta taifa la mabaharia waliojua pepo za kaskazi na kusi, na hapo ndipo alipopata rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi.

Mafundi hao walituachia msamiati mzima: mkuku, mataruma, fashini, kalafati, deheni, sifa. Kila neno katika orodha hiyo ni somo la utunzaji. Kalafati ni kuziba mianya ya mbao kwa pamba iliyotiwa mafuta. Deheni ni mchanganyiko wa chokaa na mafuta ya wanyama unaopakwa chini ya chombo ili kuwazuia wale wadudu wa baharini, ambao kwa kweli ni jamaa ya chaza, wasiitoboe mbao. Sifa ni mafuta ya samaki yanayoipaka mbao ngozi ya pili. Nani atasema kwamba watu waliokuwa na maneno hayo hawakujua sayansi?

Hata hivyo, mbao ina aibu zake, na sitaki kuzificha. Huvimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, na kwa mwendo huo parafujo hulegea. Huoza pia, na hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui: maji ya mvua huiozesha mbao upesi kuliko maji ya bahari, kwa sababu chumvi huwazuia kuvu wasistawi. Boti iliyoachwa wazi ufuoni msimu wote wa masika huweza kupata madhara makubwa kuliko ile iliyofanya kazi baharini muda huo huo. Mbao hudai mkono wa mtu kila msimu, na mwenye mali asiyekuwa na muda wala fedha za kuitunza ataipoteza.

Faiba ni mgeni, lakini ni mgeni mwenye akili. Nyuzi za kioo, nyembamba kuliko unywele, hutandazwa kama mkeka, kisha hulowekwa kwa utomvu wa viwandani uitwao resini, uliotiwa dawa ya kuugandisha. Atakaye kuelewa na aitazame nyumba ya udongo: fito hubeba mvuto, udongo huzishikanisha fito. Katika faiba, kioo ndicho fito, na resini ndiyo udongo. Nyuzi hizo zilianza kutengenezwa kwa wingi nchini Marekani katika miaka ya 1930, na katika miaka ya 1940 boti za kwanza za faiba zikashushwa majini. Faida zake ni dhahiri. Haina mianya ya kukalafatiwa, haitobolewi na wadudu wa baharini, na huweza kufinyangwa kwa umbo lolote. Mvuvi anayeingia baharini kila alfajiri, asiye na siku za kuiweka boti yake juu ya nchi kavu, ana haki ya kuipenda. Kwa mwili wa boti ya kazi ya kila siku, mimi sina ugomvi na faiba.

Lakini jukwaa si mwili wa boti. Hebu tupime. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1025. Mita kama hiyo ya msaji uliokauka ina kilo 650 hivi, kwa hiyo kipande cha msaji huelea. Faiba tupu ina takriban kilo 1500, na kipande chake huzama kama jiwe. Boti ya faiba huelea kwa sababu ya umbo lake linalosukuma maji mengi, kanuni ile ile ya Archimedes ambayo kila mwanafunzi wa fizikia huikariri. Basi mtengenezaji wa jukwaa, akitaka kitu kinene, kigumu na chepesi, hawezi kulijaza faiba tupu. Mara nyingi hutia moyo wa plaiwudi, au wa mti mwepesi wa balsa, au wa povu gumu, kisha huufunika kwa faiba juu na chini.

Ndiyo kusema kwamba anayekimbia mbao, mara nyingi huinunua mbao ile ile ikiwa imevalishwa kanzu nyeupe! Na humo ndimo hatari ilimojificha. Jukwaa lazima litobolewe matundu ya bolti na ya ngazi. Tundu moja lisipozibwa barabara, maji huingia kidogo kidogo hadi kwenye moyo wa plaiwudi, yakakosa njia ya kutoka. Plaiwudi huoza gizani, faiba ikabaki inang'aa juu kama meza ya harusi, hadi siku mtu mzito atakapolikanyaga. Jukwaa la mbao tupu, la papi zilizoachiwa nafasi kati yake, halina siri hiyo. Ubao ukianza kuoza hubadilika rangi, hulainika, na ncha ya kisu huingia bila taabu. Papi moja ikiharibika, hung'olewa hiyo moja na nyingine ikawekwa. Aidha, wimbi linalopiga kutoka chini hupenya kati ya papi, badala ya kulisukuma jukwaa zima juu kama kiganja kinachosukuma sinia. Mbao ambayo haikupakwa vanishi ya kung'aa haitelezi sana kwa unyayo uliolowa, ilhali faiba laini huteleza isipotiwa chembe za mchanga katika rangi yake.

Hoja yangu basi ni hii: kiungo kinachopigwa sana, na ambacho usalama wa mtu unakitegemea, na kiwe cha kitu kinachoonya kabla ya kuangusha. Kwa jukwaa la boti inayobeba watoto, mimi ningechagua papi za mbao ngumu, zilizofungwa kwa bolti za chuma cha pua kisichoshika kutu, hata kama boti yenyewe ni ya faiba. Atakayechagua faiba simlaumu, mradi ahakikishe kwamba kila tundu limezibwa, kwamba uso umetiwa ukwaruzo, na kwamba jukwaa hukaguliwa. Ukaguzi wenyewe hauhitaji mashine. Ligonge kwa sarafu au nyundo ndogo, hatua kwa hatua. Faiba nzima hulia kwa sauti kali. Iliyoachana na moyo wake, au iliyonywa maji, hutoa sauti nzito iliyofifia.

Swali la pili ni hili: nani atatengeneza? Fundi wa mbao huhitaji tezo, msumeno, randa na macho. Fundi wa faiba huhitaji resini iliyonunuliwa dukani, dawa ya kuigandisha iliyopimwa kwa uangalifu, na mahali pakavu. Dawa ikizidi, resini hupata joto na kupasuka. Ikipungua, hubaki laini isikauke kamwe. Mvuke wake hudhuru mapafu na ubongo, na kijana anayeipiga faiba msasa bila barakoa huvuta vumbi la kioo. Ufundi huu haukosi heshima, lakini unataka mafunzo, na mafunzo hayo hayaji pamoja na boti. Mahali ambapo boti za faiba zimefika kabla ya mafundi wake, ufa mdogo huweza kuilaza boti nzima chini ya mnazi.

Swali la tatu ni gumu zaidi: kitu hiki kimetoka wapi, na kitaishia wapi? Wapenzi wa mbao, nami nikiwamo, hatuna budi kulikabili bila kupepesa macho. Kati ya Kilifi na Malindi umo msitu wa Arabuko-Sokoke, wenye ukubwa wa takriban kilomita 420 za mraba, makazi ya bundi mdogo wa Sokoke na wanyama wengine adimu. Mbambakofi, mti uliosifika kwa milango na vyombo, umevunwa sana katika misitu yetu. Mwezi wa Februari 2018 Serikali ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na tangazo la kuiondoa marufuku hiyo mwaka 2023 lilifikishwa mahakamani. Anayenunua ubao asiulize ulikokatwa, huenda ananunua kipande cha msitu ulioibwa. Mvinje tunaoupanda kwa wingi hufaa nguzo na boriti, lakini hupasuka ukikauka. Jirani zetu wa Tanzania wana mashamba ya msaji uliopandwa, kama Longuza huko Muheza na Mtibwa huko Morogoro. Ubao wa mti uliopandwa ili ukatwe ndio unaonunuliwa kwa dhamiri safi.

Faiba nayo haikati mti, ila haifi. Wengi huichanganya na plastiki ya chupa, wakidhani huweza kuyeyushwa na kufinyangwa upya. La hasha! Plastiki ya chupa ni kama samli: huyeyuka kwa joto na kuganda tena. Resini ya faiba ni kama yai lililochemshwa: likishaganda halirudi kuwa bichi. Ndiyo sababu plastiki zilizookotwa ziliweza kugeuzwa kuwa mbao za kuundia jahazi la Flipflopi huko Lamu, likashushwa majini mwezi wa Septemba 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019. Fundi Ali Skanda na wenzake waliikata na kuiunga plastiki hiyo kwa ufundi ule ule wa jahazi la mbao. Boti ya faiba iliyokufa haina bahati hiyo. Hubaki ufuoni ikimomonyoka, vumbi la kioo na chembe za resini zikiingia katika mchanga na maji ambamo samaki wetu huishi.

Nawageukia walimu. Mtaala wa umilisi unadai mwanafunzi apime, aguse na atende. Basi mleteeni darasani kipande cha msaji na kipande cha faiba, avipime uzito, avitie katika ndoo ya maji ya bahari, avigonge na kusikiliza. Mpelekeni kwa fundi wa vyombo amuulize maana ya taruma na deheni, kisha mpelekeni kwa fundi wa faiba amuulize kwa nini huvaa barakoa. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa sayansi wanaweza kwenda pamoja siku hiyo, na hakuna atakayerudi mikono mitupu. Wahenga walituusia tusiache mbachao kwa msala upitao. Hawakutukataza kuununua msala mpya. Walitutaka tuukague kwanza.

Na ninyi wanafunzi, mtakapokwenda kuyatazama matumbawe, muulizeni nahodha kabla ya kushuka majini: jukwaa hili lilikaguliwa lini, na nani alilikagua? Nahodha mwema hatachukia kuulizwa. Ukiona vyaelea, vimeundwa; na anayepanda ana haki ya kujua vilivyoundwa.