Pampu na Jenereta Ndogo: Mwaga Oili kwa Masaa, Sio kwa Miezi

Msimu wa kumwagilia umeanza, na hapa dukani kwangu Iringa tayari nimeletewa pampu mbili zilizonoki. Moja ni ya mkulima wa Ilula. Nyanya zimeanza kutoa maua, mashine ikazima shambani, kamba haivutiki. Tulipofungua bolti ya kumwagia, ikatoka oili nzito kama lami, haijazi hata kikombe cha chai. Fundi kamwambia pistoni na silinda vyote ni vya kubadilisha. Hela ya mbolea imeishia hapo.

Injini hizi hazina rejeta wala maji. Zinapozwa na upepo wa feni unaopita kwenye mapezi ya silinda, na oili inasaidia kutoa joto la ndani. Chukua Honda GX160, ambayo imeigwa sana na Wachina: inabeba oili kama lita 0.6 tu, haina filta ya oili, kuna kijiko kinazunguka ndani kinairusha juu. Uchafu wote na unga wa chuma unabaki humo humo mpaka uumwage wewe.

Kitabu chake kinasema mwaga oili ya kwanza baada ya mwezi 1 au masaa 20, halafu kila miezi 6 au masaa 100, kinachotangulia. Wengi wanashika ile miezi 6. Hebu piga hesabu: ukiwasha masaa 5 kwa siku, masaa 20 ni siku 4, na masaa 100 ni siku 20! Yule wa Ilula alikuwa anaongezea tu msimu mzima. Andika masaa kwenye daftari lile lile la madeni, haikugharimu kitu.

Kabla ya kumwaga, washa dakika chache oili ilainike, hasa asubuhi za Juni na Julai kule Mafinga au Uyole. Zima, chomoa waya wa plagi, fungua bolti, ilaze kidogo upande huo itoke yote. Funga, iweke sehemu tambarare, jaza oili mpya mpaka usawa wa mdomo. Usizidishe, itatoa moshi. Mimi nauza 10W-30 kwa mashine hizi. Namba 40 kwenye baridi yetu utachoka kuvuta kamba.

Ukiwa shambani, usiweke pampu imeinama kwenye ukingo wa mto. Oili inakimbilia upande mmoja, kijiko kinapiga hewa. Baadhi zina kengele ya oili inayozima injini yenyewe, na kuna mafundi wanakata huo waya eti inasumbua. Aisee, ukisikia fundi anasema hivyo, chukua mashine yako uondoke.

Usafi nao. Wa Usangu mnajua vumbi na makapi ya mpunga. Yakiziba mapezi, upepo haupiti. Injini ikishapoa, fungua kava la feni, safisha kwa brashi kavu. Usimwagie maji injini ya moto, chuma kinaweza kupasuka. Sponji ya filta ya hewa ifue kwa maji na sabuni kila masaa 50, vumbi likizidi mapema zaidi, ikauke, tia matone ya oili safi, uikamue. Ile ya karatasi haifuliwi, igonge gonge vumbi litoke.

Zile jenereta ndogo za kuchanganya oili kwenye petroli hazina oili ya kumwaga, kwa hiyo msihangaike kutafuta bolti. Lakini mapezi na filta ni vile vile.

Oili chafu usimwage mtoni, maji hayo hayo unamwagilia. Weka kwenye dumu. Kwangu kuna mafundi mbao wanakuja kuomba ya kupaka nguzo, mchwa wasile.