MWANZA: MJI WA MAJABALI, SAMAKI NA NGOMA

Askari apatapo likizo, aghalabu fedha zake huishia katika nauli ya kwenda kwao na kurudi kazini. Lakini kwa yule aliyeweka akiba kidogo, naye apenda kuwaonyesha watoto wake nchi ya jirani, uko mji mmoja ambao uzuri wake mwingi hauna kiingilio. Mji huo ni Mwanza. Uko kaskazini mwa Tanzania, katika ukingo wa kusini wa ziwa lile lile ambalo sisi hulitazama kutoka Entebbe na Jinja.

Wasukuma, wenyeji wa nchi hiyo, huliita ziwa Nyanza, na yasemekana kwamba jina la mji lilitokana na neno hilo. Mwingereza John Speke alifika hapo mwezi wa Agosti mwaka 1858, akalipa ziwa jina la malkia wake. Wajerumani walijenga kituo chao mwaka 1892. Reli kutoka Tabora ilifika mwaka 1928, na pamba ya Usukuma ikapata njia ya kwenda pwani. Mwaka 2000 Mwanza ilitangazwa kuwa jiji.

NJIA YA KWENDA

Msafiri atokaye Kampala hupita Masaka, huvuka mpaka Mutukula, kisha hufika Bukoba. Kutoka hapo njia ni mbili. Ya kwanza ni ya majini, kwa meli ya MV Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 na kurudishwa kazini mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Ya pili ni barabara ipitayo Geita. Zamani magari yalipanga foleni Busisi yakingoja kivuko. Tangu Juni 2025 yanapita juu ya Daraja la John Pombe Magufuli, lenye urefu wa kilomita 3. Watoto waliosinzia na waamshwe hapo, maana si kila siku mtu huvuka ziwa akiwa ndani ya basi.

MAJABALI

Kitu cha kwanza kumshangaza mgeni ni mawe. Yako milimani, yako njiani, yako hata katikati ya nyumba za watu. Mengine yamepandana kana kwamba jitu fulani liliyapanga kwa mchezo. Wala si jitu. Mawe haya yana umri wa zaidi ya miaka bilioni 2. Yalipasuka yakiwa bado chini ya udongo, maji yakayala pembezoni, kisha mvua za zama nyingi zikauchukua udongo na kuyaacha wazi. Mashuhuri kuliko yote ni Jabali la Bismarck, lililosimama majini karibu na bandari na kupewa jina la kiongozi wa Ujerumani wa zamani zile. Wakati mzuri wa kulitazama ni magharibi, jua linapozama nyuma ya ziwa. Hapana anayedai malipo.

KISIWA CHA SAANANE

Kutoka Capri Point, mashua huchukua dakika chache tu kufika Kisiwa cha Saanane. Jina ni la mvuvi na mkulima aliyekaa huko kabla serikali haijakifanya kisiwa bustani ya wanyama mwaka 1964. Mwaka 2013 kilipandishwa kuwa hifadhi ya taifa. Watoto wataona swala, tumbili, mijusi ya rangi nyingi, na pimbi wakiota jua juu ya mawe. Waambieni kwamba pimbi, ingawa umbo lake ni kama la sungura, wataalamu humhesabu kuwa jamaa ya tembo. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio kidogo kuliko wageni wa mbali, kwa hiyo vitambulisho visisahauliwe nyumbani.

SOKO LA MWALONI

Akina mama hawatataka kuondoka bila kufika Mwaloni, katika mtaa wa Kirumba, penye soko kubwa la samaki. Hapo wako sangara, sato, na magunia kwa magunia ya dagaa, ambao kwetu huitwa mukene. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hasa mwezi unapokuwa haupo. Mtu aliye kilimani huona taa hizo kama mji mwingine uliojengwa juu ya maji. Dagaa mwema hung'aa kama fedha na amekauka sawasawa. Chukua wachache, uwasugue viganjani: mchanga ukidondoka, ujue walianikwa chini wala si juu ya chanja.

BUJORA

Huko Kisesa, nje kidogo ya jiji kwa barabara ya Musoma, iko Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, iliyoasisiwa na Padre David Clement kutoka Kanada. Humo zimehifadhiwa ngoma na viti vya watemi, pamoja na nyumba zilizojengwa kwa desturi za kale. Mwezi wa Juni huwa na sikukuu ya Bulabo, ambapo vyama viwili vya wachezaji, Bagika na Bagalu, hushindana. Kila upande hucheza mahali pake kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule awavutaye watazamaji wengi zaidi. Ndiyo sababu wengine hucheza na chatu.

MAKABURI YA IGOMA

Safari isiishe bila kufika Igoma, walikozikwa wengi wa waliokufa katika meli ya MV Bukoba. Meli hiyo ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikiwa karibu kufika Mwanza, na yakadiriwa kwamba watu zaidi ya 800 walipotea. Ilikuwa imebeba abiria kupita kiasi chake. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, nacho kikiwa kimejaa kupita kiasi, kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 220.

Kwa hiyo baba mwenye nyumba, uwe askari au raia, shika amri hizi. Usipande chombo kilichojaa, hata kama nauli umekwisha kulipa, ngoja kingine. Hakikisha kila mtoto amevaa boya kabla mashua haijaondoka. Mkiwa ndani ya meli, waonyeshe jamaa zako mlango wa kutokea na mahali yalipo maboya. Tena msiwaache watoto kucheza katika maji ya ukingoni, kwani humo hupatikana kichocho, na pengine mamba.

Mwisho, sare ya kazi ibaki nyumbani, hati za safari na ruhusa ya mkuu wako ziwe mfukoni, na sweta zifungwe mzigoni, maana usiku upepo wa ziwani ni baridi.