Kwa nini tangi la KATRIN lina kipenyo cha mita 10

Novemba 25, 2006, tangi la chuma cha pua lenye urefu wa mita 23, kipenyo cha mita 10 na uzito wa tani 200 lilipitishwa katika barabara za Leopoldshafen, kando ya mto Rhine nchini Ujerumani. Liliundwa Deggendorf, Bavaria, na lilikuwa likipelekwa Karlsruhe, umbali usiozidi kilomita 400. Lilisafiri karibu kilomita 9,000: likashuka Danube hadi Bahari Nyeusi, likapita Mediterania na Atlantiki, kisha likapanda Rhine. Kwa kila kilomita moja ya njia fupi, lilikwenda kilomita zaidi ya 22, kwa sababu hakuna barabara wala mfereji wa ndani ambao ungelipitisha.

Je, upana huo ulihitajika kweli? Hilo linahesabika.

Tangi hilo ni spektromita, yaani chombo cha kutenganisha elektroni kulingana na nishati zake. Mradi wa KATRIN umelitumia kupima elektroni zinazotoka katika tritiamu, ambayo ni hidrojeni yenye mionzi, ili kukadiria tungamo la chembe iitwayo nyutrino. Njiani elektroni hupita katika uga mkali wa sumaku, hadi tesla 6. Katikati ya tangi uga hulegezwa hadi tesla 0.0003. Hapo elektroni hunyooka zote upande mmoja, na volti zipatazo 18,600 huzirudisha nyuma zile zisizo na nishati ya kutosha. Gawanya 0.0003 kwa 6, unapata moja ya 20,000. Zidisha kwa nishati ya elektroni, elektroni-volti 18,600, unapata elektroni-volti 0.93. Huo ndio ukali wa kipimo.

Uga ukilegea, mkondo wa elektroni hutanuka kwa uwiano uleule. Mkondo wa KATRIN ulisanifiwa kubeba mtiririko wa sumaku wa tesla 191 mara sentimita moja ya mraba. Gawanya 191 kwa 0.0003: sentimita za mraba 637,000 hivi, sawa na duara lenye kipenyo cha mita 9. Ukiongeza nafasi ya nyaya za ndani, unafika mita 10. Kwa hiyo upana haukutokana na tamaa ya ukubwa. Anayetaka ukali maradufu, bila kupunguza elektroni, atahitaji kipenyo cha mita 14, na ujazo wa mita za ujazo 1,240 utapanda hadi 3,500 ikiwa umbo halibadiliki. Leopoldshafen isingelipitisha tangi hilo.

Dhana dhaifu ilikuwa kwingine. Wasanifu walitarajia kelele, yaani elektroni zisizotoka kwenye tritiamu, ya 0.01 kwa sekunde. Kampeni ya kwanza ya mwaka 2019 ilionyesha 0.293, mara 29 zaidi. Sehemu kubwa ya kelele hiyo huzaliwa ndani ya ujazo uleule uliogharimu safari ndefu: kutoka radoni, na atomi zilizosisimka zinazochomoka kwenye kuta. Baadaye watafiti walisogeza eneo la kuchuja karibu na kigunduzi cha elektroni, wakatumia ujazo mdogo zaidi, na kelele ikapungua kwa takriban nusu. Naona hilo ni suluhisho la busara, lakini maana yake ni kwamba sehemu ya nafasi iliyonunuliwa haihesabiwi tena.

Mradi mzima hutajwa kuwa uligharimu euro milioni 60. Nikichukulia euro moja kuwa shilingi 2,800 za Tanzania, ni shilingi bilioni 168. Namba hii ichukuliwe kwa tahadhari: euro ya mwaka 2006 si ya leo, na jumla moja haitenganishi chuma, mishahara na umeme. Matokeo ya KATRIN ya 2025 yalitokana na siku 259 za vipimo na elektroni milioni 36. Ukigawanya gharama yote kwa elektroni hizo, kila moja ni euro 1.67, karibu shilingi 4,700. Gharama hiyo itashuka kadiri data zaidi zinavyochambuliwa, kwa kuwa mpango ulikuwa siku 1,000.

Majaribio ya awali ya kupima tungamo la nyutrino, ya Mainz na Troitsk, yaliishia kwenye kikomo cha elektroni-volti 2 hivi. KATRIN imekishusha hadi 0.45, mara 4.4. Lakini kinachopimwa moja kwa moja ni mraba wa tungamo, hivyo maendeleo halisi ni karibu mara 20. Lengo la awali lilikuwa 0.2, sasa wanatarajia kushuka chini ya 0.3. Kwa miraba, ni 0.04 dhidi ya 0.09.