Genesis: kikundi kilichofupisha nyimbo zake, na lawama iliyomwangukia mtu mmoja

Mwezi wa saba mwaka wa 1986, wimbo «Invisible Touch» wa kikundi cha Uingereza kiitwacho Genesis ulishika nafasi ya kwanza nchini Marekani. Juma lililofuata uliondolewa pale juu na wimbo mwingine, «Sledgehammer». Mwimbaji wake alikuwa Peter Gabriel, mmoja wa waanzilishi wa Genesis, aliyekiacha kikundi hicho mwaka wa 1975.

Zote mbili zilikuwa nyimbo fupi, za kuchezwa kwenye redio na kuimbwa na kila mtu. Lakini mwaka wa 1972, Gabriel na wenzake walikuwa wametoa wimbo wa dakika 23.

Hadi leo wapenzi wa muziki wa roki wanabishana: nani aliua Genesis ya zamani? Wengi wanamnyoshea kidole Phil Collins, mpiga ngoma aliyegeuka kuwa mwimbaji. Lakini mtu akifuata historia hatua kwa hatua, anaona lawama hiyo haisimami.

Nyimbo ndefu kama hadithi

Genesis ilizaliwa mwaka wa 1967 kwenye shule ya Charterhouse, kusini mwa Uingereza. Gabriel aliimba, Tony Banks alipiga kinanda, Mike Rutherford alishika besi. Collins aliingia mwaka wa 1970, na mpiga gitaa Steve Hackett akafuata muda mfupi baadaye.

Muziki wao uliitwa roki ya progresivu. Wimbo haukuwa na beti na kiitikio tu. Ulikuwa na sehemu nyingi, kama hadithi yenye sura: mdundo unabadilika ghafla, sauti inashuka hadi kunong'ona, kisha kinanda kinachukua nafasi peke yake kwa dakika nzima. «Supper's Ready», ule wa dakika 23, una sehemu saba. Jukwaani, Gabriel aliuimba akibadilisha mavazi na vinyago.

Mwaka wa 1974 walitoa «The Lamb Lies Down on Broadway», albamu ya sahani mbili inayosimulia safari ya kijana mmoja wa New York. Baada ya kuizungusha kwenye majukwaa, Gabriel akaaga.

Kikundi kilijaribu waimbaji wengi, kisha kikamweka Collins mbele. Na hapa kuna jambo ambalo wenye kulaumu hulisahau: kwenye albamu mbili zilizofuata, Collins akiwa mwimbaji, muziki ulibaki ule ule, mrefu na wenye kona nyingi.

Walipobaki watatu

Mabadiliko yalianza Hackett alipoondoka mwaka wa 1977. Rutherford alilazimika kupiga gitaa na besi pia. Albamu ya mwaka wa 1978 ilisema ukweli huo kwenye jina lake: «...And Then There Were Three...», yaani wamebaki watatu.

Ndani yake kulikuwa na wimbo wa mapenzi wa dakika nne, «Follow You Follow Me». Ulifika nafasi ya 7 Uingereza, mafanikio ambayo hawakuwahi kuyapata kwa wimbo mmoja. Maneno yake hayakuandikwa na Collins. Yaliandikwa na Rutherford, mmoja wa wale vijana wa Charterhouse.

Miaka miwili baadaye, wakitengeneza albamu «Duke», walikuwa na muziki wa karibu nusu saa uliotungwa kama kitu kimoja. Waliogopa watu wasije wakaulinganisha na «Supper's Ready». Wakaukata vipande na kuvitawanya ndani ya albamu.

Mwaka wa 1981 walienda mbali zaidi. Kwenye studio yao wenyewe, katika kijiji cha Chiddingfold, walitengeneza «Abacab» kwa kanuni moja: kila kitu kilichofanana na Genesis ya zamani kiwekwe pembeni. Kwenye wimbo «No Reply at All» waliwaita wapiga tarumbeta wa kikundi cha Marekani, Earth, Wind & Fire. Si wote waliopokea vizuri. Mwaka huo huo, mjini Leiden, Uholanzi, watazamaji walizomea nyimbo mpya.

Mlio uliotoka kwa Gabriel

Watu wanapozungumzia Collins wa miaka ya 1980, wanakumbuka kwanza mlio wa ngoma zake: mzito, kama mlango mkubwa unaofungwa kwa nguvu, kisha kimya. Fundi Hugh Padgham aliupata kwa kunasa mwangwi wa chumba na kuukata ghafla kabla haujafifia.

Lakini mlio huo haukutokea kwenye albamu ya Collins wala ya Genesis. Ulisikika kwanza mwaka wa 1980 kwenye albamu ya tatu ya Gabriel mwenyewe. Collins alialikwa kupiga ngoma, na Gabriel akakataza matoazi yasitumike. Yeye pia alikuwa anapunguza vitu.

Njia yake ilipita pia karibu na kwetu. Mwaka wa 1982 alisaidia kuanzisha tamasha la WOMAD, ambako wapiga ngoma wa Burundi walipanda jukwaani. Tamasha lilileta deni kubwa, na Genesis ilirudi kucheza naye siku moja, tarehe 2 mwezi wa kumi 1982, ili kumsaidia kulilipa. Baadaye Papa Wemba alirekodi kwenye kampuni ya Gabriel, Real World, na kuzunguka naye kwenye majukwaa mwaka wa 1993.

Faida na hasara

Kwa hesabu, ufupi ulilipa. Albamu «Invisible Touch» ilitoa nyimbo tano zilizoingia tano bora za Marekani. Mwaka wa 1987 walicheza usiku nne kwenye uwanja wa Wembley, London.

Hasara nayo ipo. Ngoma za mashine zilizosikika mpya mwaka ule leo zinaonyesha umri wao. «Tonight, Tonight, Tonight», unaokaribia dakika tisa kwenye albamu, ulikatwa karibu nusu kwa ajili ya redio, na giza lake likapungua. Hata hivyo, albamu hiyo hiyo ina «Domino», wa zaidi ya dakika kumi. Urefu haukufa. Ulihamia nyuma ya nyimbo za kuuza.

Kuwalaumu waliobaki kwa kufupisha, na kumsamehe aliyeondoka akafupisha vile vile, si haki. Wote walichoka kufanya kile walichokuwa wanakijua tayari.

Tarehe 26 mwezi wa tatu 2022, Genesis ilicheza mara ya mwisho, London. Collins, mgonjwa, aliimba akiwa ameketi kwenye kiti, na mwanawe Nic akapiga ngoma. Gabriel alikuwa kati ya watazamaji. Kwa kufunga hawakuchagua wimbo wa redio, wala ule wa dakika 23. Walichagua «The Carpet Crawlers», wa mwaka wa 1974, kutoka albamu ya mwisho ya Gabriel. Una dakika tano tu, na kiitikio ambacho ukumbi mzima uliweza kukiimba.