Ini Lenye Makovu, Tumbo na Mishipa ya Damu

Weka mkono wako chini ya mbavu za upande wa kuume. Hapo ndani liko ini lako. Kwa mtu mzima uzito wake wapata kilo moja na nusu. Kazi zake ni nyingi, lakini leo tufahamu moja: ini ni mlinzi wa mlango.

Chakula ukilacho hushuka matumboni. Damu huchukua nguvu ya chakula kile, pamoja na sumu zinazotengenezwa na vijidudu vilivyomo matumboni. Damu hiyo haiendi moyoni moja kwa moja. Hupita kwanza katika ini, na ini huisafisha.

Lakini ini likiharibiwa miaka mingi na pombe, au na homa ya ini B au C, au na mafuta yaliyozidi, hujaa makovu na kuwa gumu. Ndipo mambo mawili hufuata.

La kwanza, damu hukosa njia. Ni kama mto uliozibwa na magogo. Maji hurudi nyuma na kufurika mashambani. Bandama huvimba, tumbo hujaa maji, na mishipa ya umio hutanuka, pengine hupasuka. Ukitapika damu, au choo kikiwa cheusi kama lami, usingoje asubuhi. Njoo hospitali saa ile ile.

La pili, sumu hupita bila kusafishwa, hufika kichwani. Mgonjwa hulala mchana na kukesha usiku, mikono hutikisika, maneno humpotea.

Mzee mmoja aliletwa kwetu amefungwa kamba. Jamaa walisema amelogwa. Tuliuliza habari ya choo chake: siku tano hakwenda. Tulimpa laktulosi, dawa ya maji matamu ilainishayo choo na kupunguza sumu ile. Siku ya tatu alimwita mke wake kwa jina, akauliza kofia yake iko wapi. Lakini mjane mmoja, jirani yao, alikuwa amekwisha kufukuzwa kijijini kwa ajili ya ugonjwa ule. Iliwapasa kumfuata na kumwomba radhi.

Usisahau pia mishipa itokayo moyoni. Mwenye mafuta katika ini mara nyingi ana kisukari, au nguvu ya damu yake imepanda. Mambo haya huziba mishipa polepole. Wengi wao hufa kwa ugonjwa wa moyo kabla ini halijawaua.

Basi, ufanye nini?

1. Acha pombe kabisa, kasiksi na lotoko pamoja. Acha na tumbako, kwa kuwa huharibu mishipa.

2. Angalia choo chako, kisifunge. Aliyepewa laktulosi ainywe kwa kipimo cha kumpa choo laini mara mbili au tatu kwa siku. Akiharisha sana arudi kwetu, maana kukaukiwa maji pia huchafua akili.

3. Kula. Zamani wagonjwa hawa walikatazwa maharagi na samaki. Leo twajua kwamba njaa humaliza nyama ya mwili na kuzidisha ugonjwa. Kula kidogo kidogo, mara nyingi, na kidogo tena kabla ya kulala. Maharagi na sombe husaidia choo. Punguza chumvi na mafuta ya mawese.

4. Usijinunulie sokoni dawa ya maumivu wala ya usingizi. Aspirini yaweza kuleta kutokwa na damu tumboni. Kama daktari alikupa kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe, bali umwulize. Dawa ya majani usiinywe, wala usiingizwe kwa njia ya haja.

5. Wapeleke watoto wapate chanjo ya homa ya ini B.

Mgonjwa wako akianza kusema yasiyoeleweka, usiulize, “Nani amemloga?” Uliza, “Alikwenda choo lini?” Kisha umlete upesi.