Mgongo unaouma usiku wa manane

Saa nane za usiku, kijana wa shule ya sekondari ameketi kitandani bwenini, mikono kiunoni. Wenzake wamelala fofofo. Jioni alicheza kandanda bila taabu kubwa, lakini giza lilipoingia mgongo ulianza kumchoma kama msumari wa moto. Asubuhi ataenda kwa nesi wa shule, apewe tembe mbili, apate nafuu, na usiku mambo yawe yale yale. Mwalimu wa zamu atasema anakwepa kazi. Nyumbani mama ataulaumu mkoba wa vitabu, naye nyanya atatafuta mafuta ya kumkanda.

Aghalabu mama na nyanya huwa hawajakosea. Maumivu mengi ya mgongo hutokana na misuli na huisha yenyewe baada ya wiki chache. Lakini kuna wagonjwa wachache ambao ndani ya uti wa mgongo wao mmeota uvimbe mdogo, usio saratani, na hao ndio wanaozungushwa kwa miezi, pengine miaka, kabla ya kujulikana wanaugua nini.

Ukimwambia mtu uvimbe wake si saratani hushusha pumzi, na ana haki. Uvimbe wa aina hii hausambai mwilini. Tatizo ni mahali ulipoota. Uvimbe wa mafuta begani unaweza kukaa miaka 20 bila kumsumbua mwenyewe, lakini katikati ya pingili za mgongo mna mfereji mwembamba unaopitisha neva zinazoendesha miguu, kibofu na haja kubwa. Humo hakuna nafasi ya mgeni.

Uvimbe unaowapata zaidi vijana huitwa osteoidi osteoma. Huota ndani ya mfupa wenyewe, na kwa kawaida hauzidi sentimita moja na nusu, yaani kama punje ya mahindi. Daktari Henry Jaffe wa New York aliueleza kama ugonjwa wa pekee mwaka wa 1935. Wengi wanaoupata wana umri wa kati ya miaka 10 na 25, na wavulana huwapita wasichana kwa mbali. Mara nyingi huota kwenye mifupa ya miguu, lakini kwa wagonjwa wachache hukaa mgongoni, hasa kiunoni.

Ijapokuwa mdogo, uvimbe huu hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huchochea maumivu. Aspirini na ibuprofeni huzuia kemikali hizo, ndiyo sababu maumivu hutulia upesi mgonjwa akimeza dawa hizo, kisha yakarudi. Daktari mwerevu akisikia habari hiyo husimamisha kalamu: maumivu ya usiku, nafuu ya haraka kwa tembe, na mgongo ulioanza kupinda upande mmoja. (Mzazi, usijaribu kipimo hiki nyumbani. Watoto walio chini ya miaka 16 hawapewi aspirini bila idhini ya daktari.)

Kupinda huko si jambo la kupuuza. Misuli ya upande wenye uvimbe hukaza kwa uchungu na kuvuta mgongo. Uvimbe ukiondolewa mapema, mgongo wa kijana anayekua kwa kawaida hujinyoosha. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 1986 ulionyesha kwamba maumivu yakidumu zaidi ya miezi 15 hivi, matumaini ya kunyooka hupungua. Hiyo ni mihula minne tu ya shule.

Kwa nini basi hucheleweshwa? Eksirei ya kawaida mara nyingi haiuoni, kwa kuwa pingili zimerundikana na kufunikana. Mgonjwa huonyeshwa picha safi na kuambiwa hana kitu. Picha za CT, zinazokata mfupa vipande vyembamba kama mkate, ndizo zinazouonyesha vizuri. Ukiwa kwenye neva au utando wake, MRI ndiyo bora.

Zamani tiba ilikuwa kisu. Mnamo 1992 madaktari wa Boston, Marekani, walitangaza njia nyingine: sindano hupenyezwa hadi ndani ya uvimbe kwa kuongozwa na picha za CT, kisha ncha yake hupashwa joto la nyuzi 90 kwa dakika kama 6. Uvimbe huungua na kufa. Ukiwa karibu mno na neva, upasuaji bado ndio salama. Wengine huendelea na dawa tu chini ya uangalizi, kwani uvimbe huu unaweza kufifia wenyewe baada ya miaka kadhaa.

Watu wazima wana wa kwao. Meninjioma huota kwenye utando unaofunika neva, na huwapata zaidi wanawake wa makamo. Shwanoma huota kwenye ganda la neva yenyewe. Hizi hukua polepole, na mgonjwa huanza kwa kuhisi ganzi, kujikwaa, au miguu kuwa mizito kwenye ngazi. Wengi humwona daktari wakidhani ni uzee.

Uvimbe wa kwanza wa aina hii kutolewa kwa mafanikio ulitolewa London tarehe 9 Juni 1887. Mgonjwa alikuwa kapteni wa jeshi aliyeteseka kwa miaka 3, madaktari wakikisia hili na lile, hadi miguu ikapooza. Daktari William Gowers alikadiria mahali uvimbe ulipo kwa kuchunguza ganzi inapoanzia, bila picha yoyote, maana eksirei ilikuwa haijavumbuliwa. Mpasuaji Victor Horsley alifungua mgongo asione kitu. Akapanda juu zaidi, akatoa mfupa mwingine, na hapo akaukuta, umbo lake kama lozi. Mwaka mmoja baadaye kapteni alikuwa akitembea na kufanya kazi.

Hapa Kenya kuna jambo moja zaidi. Kifua kikuu huingia hata kwenye pingili, na daktari anayeona pingili iliyoharibika hukifikiria kwanza, tena kwa haki. Lakini tembe za kifua kikuu humezwa kwa miezi mingi. Kabla ya kuzianza, uliza kama kipande cha sehemu iliyougua kinaweza kutolewa kwa sindano na kupimwa maabara.

Mgonjwa akishindwa kuzuia mkojo au choo, au akipata ganzi kati ya mapaja, asingoje Jumatatu. Apelekwe hospitali kubwa siku hiyo hiyo. Kwa maumivu ya usiku yaliyopita wiki kadhaa, mpe kijana daftari aandike saa anayoamka, tembe aliyomeza, na nafuu ilidumu muda gani. Mwende nalo kwa daktari pamoja na picha zote za zamani, hata zile zilizosemekana ni safi.